Mwenzangu yuko kwenye kemo, mimi nishike wapi?

Safu ya leo tumewaachia wake na waume wanaowauguza wenzao. Barua tumezifupisha na majina tumeyaficha. Kumbukeni kwamba dawa za saratani, yaani kemo, ni nyingi na kila moja ina masharti yake. Maelekezo ya wodi inayomtibu mgonjwa wako yakitofautiana na yetu, fuata ya wodi.

Shikamoo daktari. Mke wangu ana saratani ya titi, amepangiwa kemo kwanza, upasuaji baadaye. Hospitali ni kubwa mno. Kila tukienda tunakutana na daktari mwingine, na kila mmoja anauliza yaleyale. Mke wangu akiingia chumbani anasahau kila kitu, mimi nabaki nimekumbatia faili. Nataka kusaidia ila sijui nishike wapi. — Baba Wawili

Marahaba, baba. Ushike kumbukumbu.

Hospitali kubwa ina faida ya kuwa na wataalamu wengi, na hapo hapo ndipo penye tatizo lake. Daktari wa upasuaji anautazama uvimbe, daktari wa saratani anapanga dawa, mfamasia anakokotoa kipimo, maabara inasoma damu, nesi wa dripu anatafuta mshipa. Kila mmoja anaona kipande chake, na hakuna hata mmoja anayekuwapo nyumbani kwenu saa tisa usiku. Wewe ndiye mtu pekee unayepita vyumba vyote na bado ukarudi naye nyumbani.

Nunua daftari lenye jalada gumu. Karatasi moja moja hupotea, na simu huisha chaji wakati nesi anataka kusoma kitu haraka. Ukurasa wa kwanza andika jina kamili kama lilivyo kwenye faili, namba ya faili, aina ya saratani kama ilivyoandikwa kwenye majibu ya kinyama (kile kipande cha uvimbe kilichokatwa kikapimwa), na hatua yake, yaani imeenea kiasi gani. Kwa saratani ya titi ongeza majibu ya vipokezi vya homoni (kama uvimbe unalishwa na homoni) na ya HER2 (protini iliyo juu ya chembe za saratani), maana hayo ndiyo yanayoelekeza dawa. Andika mzio wowote, magonjwa mengine aliyonayo, na dawa zake zote pamoja na miligramu. Chini kabisa, kwa maandishi makubwa, weka namba ya simu ya mchana na ile ya usiku. Kama hukupewa ya usiku, iulize kabla ya dripu ya kwanza. Majibu ya kinyama na ya skani yatolee nakala, uyabandike mwishoni mwa daftari.

Baada ya hapo kila mzunguko, yaani dripu na siku za mapumziko hadi dripu inayofuata, upewe kurasa mbili zinazotazamana. Wa kushoto ni wa hospitali: tarehe, mzunguko wa ngapi, uzito, hemoglobini (wingi wa damu), neutrofili (hizi ni chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu), chembe sahani (zinazogandisha damu), kreatinini (kipimo cha figo), dawa alizopewa, na mkono uliochomwa sindano. Wa kulia ni wa nyumbani, mstari mmoja kwa siku. Mizunguko mingi ni ya siku 21, kwa hiyo mistari 21 inakutosha. Mstari wenyewe uwe hivi: "Siku ya 9. Joto 36.8. Hajatapika. Choo siku ya pili hakuna. Ganzi vidoleni, ameshindwa kufunga vifungo vya blauzi."

Hayo maneno ya mwisho yaangalie vizuri. Mgonjwa akisema "ganzi kidogo" daktari ataandika ganzi kidogo na dawa itaendelea vilevile. Ukisema ameshindwa kufunga vifungo, daktari anajua neva za mikono zimeguswa kiasi cha kumzuia kazi za kila siku, na hapo anaweza kupunguza kipimo kabla ganzi haijawa ya kudumu. Kwa hiyo andika alichoshindwa kufanya. Ngazi ngapi alipanda kabla ya kuhema, glasi ngapi za maji alikunywa, usiku aliamka mara ngapi.

Jambo linaloharibika mara nyingi ni hili: mgonjwa akifika mbele ya daktari anasema "naendelea vizuri". Wengine wanaogopa dripu itaahirishwa, wengine ni heshima tu. Malizeni hilo nyumbani, mkubaliane nani atasema nini. Chumbani mwache yeye aanze, usimkatize, kisha useme, "Naomba niongeze alichosahau." Muda ni mfupi, kwa hiyo maswali yasizidi matatu na lile zito liwe la kwanza. Kabla ya kutoka, rudia ulichoelewa kwa sauti daktari akisikia: "Kwa hiyo vidonge hivi ni asubuhi baada ya kula, siku 3, na tunarudi tarehe 14." Makosa mengi ya dawa hukamatwa hapo.

Uliza pia kama damu inaweza kupimwa siku moja au mbili kabla ya dripu. Neutrofili au chembe sahani zikiwa chini ya kiwango, dripu huahirishwa, kwa kawaida wiki moja. Ni bora mkajua kabla hamjafunga safari. Na mkikaa kwenye benchi saa nyingi majibu yakiwa tayari, msidhani mmesahauliwa. Dawa nyingi huchanganywa baada ya uzito na damu kuthibitishwa, kwa sababu zikishachanganywa hazikai muda mrefu.

Akiwa kwenye kiti cha dripu, kazi yako ni jicho moja kwenye sindano. Akisema panachoma, au ukiona pamevimba au pamekuwa pekundu, mwite nesi dakika ileile. Msisubiri chupa iishe. Dawa nyingine za kemo zikivuja nje ya mshipa hula nyama. Akianza kuwashwa, kubanwa kifua au kuishiwa pumzi, ita kwa sauti.

Habari za kazi. Mume wangu alipata dripu ya pili siku kumi zilizopita. Juzi usiku alipata homa, 38.4. Nikampa paracetamol mbili, ikashuka, akalala. Asubuhi tulipompigia nesi alinigombeza sana. Mbona homa ilishuka yenyewe? — Mama Kijacho

Pole, dada. Nesi alikuwa na sababu, na tungependa uielewe ili isitokee tena.

Kemo huua chembe zinazogawanyika haraka. Saratani imo humo, na uboho unaotengeneza damu umo humo pia. Neutrofili hushuka hadi chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, mumeo alikuwa katikati hapo hapo. Katika siku hizo mwili hauna askari. Jipu halitungi usaha, kifua hakitoi makohozi, koo halivimbi, kwa maana usaha na uvimbe hutengenezwa na hizo chembe zilizopungua. Mara nyingi homa ndiyo kengele pekee iliyobaki, na paracetamol imeizima. Vijidudu vimebaki vinaongezeka ndani ya damu, na mtu anaweza kutoka kwenye homa ya usiku hadi presha kuporomoka kabla ya jua kuchomoza.

Kipimajoto cha kidijitali kiwe karibu na kitanda. Pima kwapani au mdomoni, kamwe usipime njia ya haja kubwa, maana mchubuko mdogo pale hufungua mlango wa vijidudu. Kwapani joto husoma chini kidogo kuliko mdomoni, hivyo chagua sehemu moja ubaki nayo. Pima kabla ya kumpa dawa yoyote ya maumivu, kwa sababu nyingi hushusha homa. Ikifika 38.0, ni safari ya hospitali usiku huohuo. Wodi nyingine huandika 37.5 kwenye kadi wanayompa mgonjwa, basi fuata kadi. Akitetemeka kwa baridi, akichanganyikiwa, au akiwa hoi ghafla, nendeni hata kama kipimajoto kinasoma 36.

Ukifika mapokezi ya dharura usianze na "ana homa". Homa wanaziona usiku kucha na mtawekwa kwenye foleni. Sema hivi: "Huyu yuko kwenye kemo, dripu ya mwisho siku 10 zilizopita, joto lake ni 38.4, hajapewa dawa ya homa." Onyesha daftari au kadi yake. Kinachotakiwa ni damu ichukuliwe na antibayotiki ya mshipani ianze ndani ya saa moja, bila kungoja majibu yote. Kama amekaa zaidi ya hapo bila kuguswa, simama uulize tena kwa upole, na usichoke kuuliza. Omba asikae kwenye chumba cha watu wanaokohoa.

Na wewe ni mjamzito, kwa hiyo soma pia jibu la barua ya nne hapo chini.

Tumekuwa watu wa kugombana kwenye meza ya chakula. Napika, anakataa. Nikimbembeleza ananuna. Amepungua kilo 5. — Mke Aliyechoka

Mama, acha kwanza kugombania sahani, tafuta kinachomzuia. "Sili" lina sababu zaidi ya moja, na kila moja ina dawa yake.

Kama ni kichefuchefu, angalia saa. Kosa kubwa ni kungoja atapike ndipo apewe kidonge. Dawa hizo huzuia vizuri kuliko zinavyotibu, kwa hiyo siku 3 za mwanzo apewe kwa saa kama ilivyoandikwa, hata akisema yuko sawa. Deksamethasoni, mojawapo ya dawa hizo, apewe asubuhi akiwa amekula. Akiinywa jioni hatalala, na wengi huwa wepesi wa hasira kwa sababu yake, jambo ambalo pengine linaeleza kununa huko. Akitapika kila anachokunywa kwa saa 24, piga simu wodini.

Kama ni choo kigumu, na ondansetroni (dawa ya kichefuchefu) pamoja na dawa za maumivu za jamii ya mofini hufunga choo sana, tumbo limejaa na hamu haiwezi kuja. Siku 2 bila choo, uliza dawa ya kulainisha. Usimpe enema (dawa ya kuingizwa njia ya haja kubwa) bila ruhusa ya daktari.

Kama ni vidonda mdomoni, asukutue kwa maji ya chumvi: kijiko kimoja cha chai kwenye maji karibu lita moja, mara 4 hadi 5 kwa siku, ateme. Mswaki uwe laini. Dawa ya kusukutua yenye spiriti iacheni. Chakula kiwe laini na cha vuguvugu. Akishindwa hata kumeza maji, hilo si la kuvumilia nyumbani.

Kama chakula kina ladha ya chuma, jaribu vijiko vya plastiki au mbao. Chakula kilichopoa kinatoa harufu kidogo kuliko cha moto, na mara nyingi ni harufu ya jikoni inayomtoa mezani, wala si chakula chenyewe. Mpe kidogo kila baada ya saa 2 au 3 badala ya milo mitatu mikubwa, na kila kidogo hicho kiwe na protini: yai lililoiva kabisa, samaki, maharage, maziwa yaliyochemshwa. Akiwa na hamu asubuhi, basi mlo mkubwa uwe asubuhi.

Kilo 5 lakini zitaje hospitalini. Vipimo vya dawa nyingi hukokotolewa kwa urefu na uzito, hivyo uzito wa zamani hautoi kipimo sahihi. Na muulize daktari kama kuna mtaalamu wa lishe, hospitali kubwa nyingi wanao.

Daktari, baada ya dripu mkojo wa mke wangu ulikuwa mwekundu, nikashtuka. Pia naomba kuuliza bila aibu: tunaweza kulala kitanda kimoja? Watoto wanaweza kumkumbatia? — Mume, miaka 38

Kama alipewa doksorubisini, ile dripu nyekundu, mkojo mwekundu kwa siku 1 au 2 ni rangi ya dawa yenyewe. Ukiendelea baada ya hapo, au ukiwa na mabonge, au akisikia maumivu akikojoa, hiyo si rangi tena, apelekwe.

Kitanda kimoja, ndiyo. Kukumbatiana, kubusu shavu, kula meza moja, ndiyo. Watoto wamkumbatie, isipokuwa aliye na mafua, kuhara au tetekuwanga. Tena msimtenge. Wagonjwa wengi huumizwa na kikombe kilichotengwa kuliko sindano.

Tahadhari ni kwa majimaji ya mwili kwa saa 48 za kwanza baada ya dripu, au zaidi kama wodi imesema, maana mabaki ya dawa hutoka kwa mkojo, choo na matapishi. Mgonjwa akojoe akiwa ameketi, afunge kifuniko, avute maji mara mbili, anawe kwa sabuni. Anayesafisha matapishi avae glavu, afute kwa kitu cha kutupa, kisha aoshe pale kwa maji na sabuni. Shuka zilizochafuka zifuliwe peke yake, mara mbili. Zikisubiri, zikae ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Mama mjamzito au anayenyonyesha asifanye kazi hiyo kabisa, atafutwe mtu mwingine.

Tendo la ndoa halikatazwi. Tumieni kondomu wakati wote wa matibabu, kwa sababu mbili: mabaki ya dawa, na mimba. Hedhi ikikoma wakati wa kemo haina maana kwamba hawezi kushika mimba, na dawa hizi zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Chembe za damu zikiwa chini sana mpumzike kwanza. Ukavu na maumivu ni kawaida, vilainishi vya maji husaidia. Hamu ikipotea kabisa, mshike mkono, mkande miguu, usihesabu siku. Na kama mna nia ya kupata watoto baadaye, suala la kuhifadhi mayai au mbegu huulizwa kabla ya dripu ya kwanza. Mliokwisha kuanza, ulizeni leo.

Ndugu wameleta dawa ya miti shamba. Wanasema haina kemikali. Nimpe? — Mke, hana raha

Usimpe kabla mfamasia wa hospitali hajaiona. Ini linalovunjavunja dawa za kemo ndilo litakalovunja na hiyo. Mmea unaweza kuharakisha kazi hiyo, dawa ikaisha kabla haijafanya kitu, au kuichelewesha, ikawa sumu. Hata balungi, tunda la kawaida kabisa, limekatazwa kwa wanaotumia baadhi ya vidonge vya saratani. Na vimeng'enya vya ini (dalili kwenye damu kwamba ini linaumia) vikipanda, daktari asiyejua kuhusu hiyo dawa atailaumu kemo na kuisimamisha. Kwa ndugu, sema: "Tumeipokea, asanteni, tunasubiri hospitali waipitie." Hujamvunjia mtu heshima.

Mume wangu anaanza mionzi ya tezi dume. Atakuwa na mionzi mwilini akirudi nyumbani? — Bibi Arusi wa Zamani

Mionzi ya mashine, ya nje, haibaki mwilini. Akitoka kwenye kile chumba hana cha kumwambukiza mtu, hata mjukuu mchanga. Iliyo tofauti ni vidonge vya ayodini vya saratani ya tezi ya shingo na mbegu za mionzi zinazopandikizwa. Hizo mtapewa masharti yake.

Kwa kawaida ni siku 5 za wiki kwa wiki kadhaa, na kila siku inahesabika, hivyo pangeni usafiri mapema. Mara nyingi ataambiwa kibofu kiwe kimejaa na utumbo uwe mtupu, ili viungo vikae palepale kila siku. Anywe kiasi walichotaja kwa muda waliotaja, maana akifika kibofu kitupu atarudishwa benchi. Alama anazowekwa ngozini za kulenga mionzi zisisuguliwe. Uchovu na kukojoa mara kwa mara huzidi kadiri wiki zinavyokwenda na huendelea kwa muda baada ya kumaliza, kwa hiyo usishangae.

Skani imeonyesha uvimbe haujapungua na wanataka kubadilisha dawa. Mke wangu amesema hataki kujua chochote. Mimi nataka kujua kila kitu. Usiku silali. — Mume wa Miaka 22

Kaka, kutotaka kujua ni haki yake, na kutaka kujua si kumsaliti. Lakini ruhusa ni yake. Mkiwa wawili, mahali patulivu, muulize: "Unapenda daktari aniambie mimi, halafu nikuambie utakapouliza?" Akikubali, aliseme hilo mbele ya daktari liandikwe kwenye faili, ndipo omba muda wa kuonana naye peke yako. Usifanye kwa siri. Wagonjwa huzisoma nyuso, na akigundua kuna mlango unaofungwa nyuma yake ataanza kutomwamini kila mtu, hata dawa.

Ukiingia, anza na swali ambalo familia nyingi huliruka: lengo la dawa mpya ni nini? Kuponya, kuupunguza uvimbe ili upasuaji uwezekane, au kuudhibiti ili aishi vizuri kwa muda mrefu iwezekanavyo? Majibu hayo matatu yanabadilisha kila uamuzi mwingine, pamoja na kiasi cha madhara kinachofaa kuvumiliwa. Kisha uliza skani inayofuata ni baada ya mizunguko mingapi na nini kitawafanya waseme dawa imeshindwa. Uliza kama jopo la madaktari wa fani mbalimbali limekaa juu ya kesi yake. Na uliza kama timu ya tiba shufaa inaweza kuanza kumwona sasa. Wengi huikimbia wakidhani ni ya siku za mwisho, ilhali kazi yake ni maumivu, usingizi, pumzi na hofu, na huenda sambamba na kemo.

Kuhusu usingizi wako: usiku wa siku 3 za kwanza baada ya dripu, na siku za 7 hadi 14, ndizo zinazohitaji macho. Nyingine anaweza kulala naye dada yake au mtoto mkubwa, mwenye namba ya usiku na kipimajoto mkononi. Ndugu wakiuliza "tusaidie nini?", mpe kila mmoja siku na kazi: Jumanne kufua, Alhamisi kusimama foleni ya dawa. Wewe usiku huo lala chumba kingine, mlango ukiwa wazi.

Akikuuliza usiku mmoja, "Daktari alisemaje?", usimwage yote. Mjibu alichouliza tu, unyamaze, umsubiri aulize la pili.